Kabla ya Kusema Kifaa Kimekufa

(Yafuatayo ni maelezo aliyoyatoa Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za miradi za sharika. Tumeyafupisha kidogo.)



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa vifaa vya redio katika chuo chetu cha ufundi. Ningeweza kuwasomea orodha ya vifaa na hali yake, tukamaliza mapema na kwenda kunywa chai. Lakini nina deni kwenu. Katika taarifa yangu ya robo ya tatu ya mwaka 2025 niliandika hivi: "Vipokezi vyote vinne vimeharibika na vinahitaji kubadilishwa." Maneno hayo hayakuwa ya kweli. Barua ya kuwaomba wafadhili fedha za kununua vingine ilikuwa tayari mezani ikisubiri sahihi. Tena kijana mmoja anayejitolea chuoni alikwisha kunyang'anywa ufunguo wa chumba cha redio, kwa sababu tuliamini yeye ndiye aliyeviharibu. Leo napenda mjue yaliyotokea na tuliyojifunza.

Redio hizi ni za namna gani?

Redio tuliyoizoea nyumbani hufanya kazi yake yote kwa vipuri vilivyochomelewa ndani. Ukitaka ifanye kazi nyingine, lazima ubadilishe vipuri. Redio tunazofundishia chuoni ni tofauti. Kifaa chenyewe hupokea mawimbi na kuyageuza kuwa namba, kisha namba hizo hupelekwa kwenye kompyuta. Kuchagua kituo, kuchuja na kutoa sauti au picha ni kazi ya programu. Kwa hiyo kifaa kilekile asubuhi kinasikiliza FM, na mchana kinapokea picha ya mawingu kutoka kwenye setilaiti.

Vitatu kati ya vifaa vyetu ni vile vidogo vinavyofanana na flashi, vinavyoitwa RTL-SDR. Vilitengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni kwenye kompyuta. Mwaka 2012 ikajulikana kwamba chipu yake, RTL2832U, inaweza kutoa namba ghafi za mawimbi, na watu wakaandika programu huria za kuitumia. Kimoja huuzwa kama dola 30 hadi 40 za Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Kifaa cha nne ni HackRF One, ambacho bei yake ni zaidi ya dola 300. Hicho hata michoro yake ya umeme imetolewa wazi ili yeyote aisome. Kinaweza pia kurusha mawimbi, lakini sisi tunakitumia kupokea tu, kwa kuwa kurusha kunahitaji leseni ya TCRA.

Uzuri wa redio hizi ndio pia ugumu wake. Kati ya antena na picha kwenye kioo kuna pingili nyingi: antena, waya, kifaa, tundu la USB, programu inayokiendesha kifaa, na programu ya kusikilizia. Pingili moja ikikatika, mtumiaji huona jambo lilelile moja: kimya. Nasi kwa haraka yetu kila kimya tulikiita kifo.

Kipokezi cha kwanza: kompyuta ilikuwa imekishika

Kompyuta ya kwanza ilikuwa imewekewa upya Linux. Tangu siku hiyo programu ya redio ilikataa kufunguka na kutoa ujumbe "usb_claim_interface error -6". Sisi tulisoma neno "error" tu, tukafunga kompyuta.

Mkufunzi mmoja alipokuja kutusaidia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Je, kompyuta inakiona?" Akaandika amri ya lsusb, na namba 0bda:2838 ikatokea. Maana yake kifaa kilikuwa hai na kinajitambulisha. Tatizo lilikuwa kwamba Linux, ikikiona kifaa hicho, hudhani mwenye nacho anataka kutazama televisheni. Basi hukikabidhi kwa programu endeshi ya televisheni, na programu ya redio ikija inakuta kimeshikwa. Dawa yake ni mstari mmoja katika faili ndani ya folda ya /etc/modprobe.d, usemao "blacklist dvb_usb_rtl28xxu", kisha kuwasha kompyuta upya. Mstari huo tulikuwa nao zamani, ukapotea Linux ilipowekwa upya. Wenye Windows hukutana na jambo linalofanana na hilo, nao hutumia programu ndogo ya Zadig kubadilisha programu endeshi.

Gharama ya matengenezo: hakuna.

Kipokezi cha pili: waya

Cha pili kilikuwa kinaonekana, kinafanya kazi dakika mbili, kisha kinapotea. Hapa mkufunzi hakugusa programu kabisa. Aliichomoa ekstensheni ndefu ya USB tuliyoinunua ili kifaa kifike dirishani, akakichomeka kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta. Kikafanya kazi saa nzima. Akairudisha ekstensheni, kikapotea tena. Hakuridhika kuona kimepona. Alihakikisha kwamba akirudisha kasoro, ugonjwa nao unarudi.

Kifaa hicho hutumia umeme wa karibu miliampea 300, na waya mwembamba na mrefu huupunguza umeme kabla haujafika. Aidha, namba zinazopita ni nyingi, hadi milioni 2.4 kila sekunde, hivyo waya mbaya huzipoteza. Iko programu iitwayo rtl_test ambayo huhesabu zinazopotea. Sasa tunatumia ekstensheni fupi ya USB, na urefu tunaupata kwa waya wa antena.

Kipokezi cha tatu: aliyenyamaza ni mwingine

Hiki ndicho kilichomponza kijana wetu. Kazi yake ilikuwa kupokea picha za hali ya hewa kutoka setilaiti za Marekani za NOAA, kwenye mawimbi ya megahezi 137. Mwezi Mei 2025 alikuwa akileta picha nzuri za mawingu, na wanafunzi walizibandika ukutani. Kufikia mwisho wa Agosti hakuleta hata moja. Alisema kifaa ni kizima. Alituonyesha kwenye kompyuta ratiba ya setilaiti, nayo ikaonyesha kwamba NOAA 19 inapita juu yetu saa ileile. Setilaiti ipo, picha haipo! Tukahitimisha kwamba amekiharibu kifaa na sasa anatafuta maneno. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba arudishe ufunguo.

Mkufunzi alipokifikia kifaa hicho, alisikiliza kwanza kituo cha FM ambacho kila mtu hapa anakijua. Sauti ikatoka safi kabisa. Akasema, "Antena inafanya kazi, waya unafanya kazi, kifaa kinafanya kazi, programu nayo inafanya kazi. Kilichobaki ni mtumaji." Tukaenda kusoma habari za mtumaji, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifanya. NOAA 18 ilizimwa na wenyewe mwezi Juni 2025. NOAA 19 na NOAA 15 zilizimwa mwezi Agosti mwaka huohuo. NOAA 15 ilikuwa angani tangu mwaka 1998. Zimestaafishwa, lakini hazikuanguka. Zinaendelea kuzunguka dunia kimyakimya, na ratiba huzionyesha bado kwa sababu yenyewe huhesabu njia tu, haijui kama setilaiti inasema neno.

Ndugu zangu, kijana alisema kweli tangu mwanzo. Hakuwa na jinsi ya kututhibitishia, na sisi hatukuwa na subira ya kutafuta.

Baada ya hapo tuliweka programu huria ya SatDump na kuelekeza kifaa kilekile, kwa antena ileile, kwenye setilaiti ya Urusi ya Meteor-M N2-4, ambayo hutuma picha kwa mfumo wa kidijitali katika mawimbi hayohayo ya megahezi 137. Jaribio la kwanza lilishindikana. La tatu likatupa picha.

Kifaa cha nne: huyu nilimuua mimi

Sipendi mfikiri kwamba kila kifaa hupona. HackRF One ilijibu vizuri ilipoulizwa kwa amri ya hackrf_info, kwa hiyo upande wa kompyuta ulikuwa mzima. Lakini tulipowasha kikuza mawimbi cha mwanzo, badala ya mawimbi kuongezeka yalipungua. Hiyo ni dalili ya kikuza kilichoungua.

Kimeunguaje? Watengenezaji wameandika kwamba kifaa hiki kisipokee nguvu inayozidi karibu theluthi moja ya miliwati. Sasa mtakumbuka siku tulipopokea wageni mwezi Julai. Nilitaka waone jinsi mawimbi yanavyoruka kwenye kioo. Nikachukua redio ya mkononi ya walinzi, ambayo nguvu yake ni wati 5, nikaibonyeza karibu kabisa na antena. Kioo kilijaa rangi, wageni wakapiga makofi, nami nikafurahi. Mtaalamu aliyepaswa kuzuiliwa asiingie chumba kile alikuwa mimi.

Hata hivyo, kwa kuwa michoro iko wazi, fundi aliweza kuona ni kipuri gani kimeungua. Ni chipu ndogo sana ya miguu sita, iitwayo MGA-81563. Tumeiagiza hiyo tu. Wakati tunaisubiri, kifaa kinapokea bila kikuza, na wanafunzi wanaendelea kujifunza.

Utaratibu wetu wa sasa

Kijana wetu ameandika utaratibu na kuubandika mlangoni. Nauweka mbele yenu kwa sababu unafaa hata kwa pampu ya maji na friji ya zahanati.

Kwanza, andika ujumbe wa kosa kama ulivyo, herufi kwa herufi. Usiseme tu "imegoma".

Pili, uliza kama kompyuta inakiona kifaa. Ikiwa haikioni, badilisha waya, kisha tundu, kisha kompyuta.

Tatu, jaribu kitu unachokijua. Sikiliza kituo cha FM cha jirani kabla ya kutafuta setilaiti.

Nne, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matatu na kifaa kikapona, hujui dawa ni ipi.

Tano, punguza kelele. Tumia laptopu kwa betri yake, zima taa za LED na chaja ya sola, kisha sikiliza tena. Punguza ukuzaji pia, kwa sababu kituo chenye nguvu kilicho karibu huweza kukifunika kile unachokitafuta.

Sita, hakikisha kwamba mtumaji bado yupo.

Saba, ukishindwa, waandikie waliotengeneza programu. Wengi wao hujitolea. Waeleze toleo la programu, aina ya kompyuta, ujumbe wa kosa, na yote uliyokwisha kuyajaribu. Mtu aliyeeleza vizuri hujibiwa vizuri.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, barua ile ya maombi nimeichana. Badala yake tumenunua ekstensheni moja fupi na chipu moja. Taarifa ya robo ya tatu nimeisahihisha, na nakala mpya imepelekwa kwa wafadhili ikiwa na maelezo ya kosa langu. Wapo walionishauri niliache jambo hili lipite, kwa kuwa fedha zilikuwa bado hazijatoka. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mfadhili akisoma taarifa yangu inayofuata, nataka ajue kwamba nikisema kitu kimekufa, nimekwisha kukiuliza maswali saba.

Mimi na Mwenyekiti wa Kamati tulikwenda nyumbani kwa kijana yule, mbele ya wazazi wake, tukaomba radhi. Mama yake alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mlipomnyang'anya ufunguo, nani alikuwa amekipima hicho kifaa?" Hatukuwa na jibu. Naomba swali hilo tulichukue turudi nalo kwenye sharika zetu, kwa kila mradi na kila mtu tunayemtilia shaka.

Ufunguo anao yeye sasa. Anayetaka kuziona picha za mawingu afike chuoni, amwone yeye.