Kizimba Kimoja, Washtakiwa Wengi



Nimeombwa kujibu swali moja: watu walioshtakiwa pamoja, je, yafaa kesi zao zitenganishwe?

Kifungu cha 136 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai chasema kwamba wanaodaiwa kutenda kosa moja katika tukio moja waweza kushtakiwa pamoja. Tazameni neno: "waweza", wala si "lazima". Sababu zake ni njema. Shahidi haitwi mara kumi kusimulia jambo lile lile, na mahakama mbili hazitoi hukumu zinazopingana juu ya usiku mmoja. Kwa wezi wawili waliobeba gunia moja, sina neno.

Hatari imo katika kukiri. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ushahidi huiruhusu mahakama, katika kesi ya pamoja, kuyazingatia maungamo ya mshtakiwa mmoja dhidi ya mwenzake pia. Majaji wameshasema kwamba huo ni ushahidi dhaifu mno. Hata hivyo, fikirini kijana aliyekamatwa mkutanoni, akatia sahihi karatasi kituoni, na karatasi hiyo ikamtaja mwalimu aliyesimama kando. Kijana akiamua kunyamaza kizimbani, kama ilivyo haki yake, wakili wa mwalimu atamhoji nani? Karatasi haihojiwi.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hilo ni la tenga, si la mahakama. Kapenguria, tarehe 8 Aprili 1953, Hakimu Thacker aliwatia hatiani washtakiwa wote sita: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba na Oneko, kila mmoja kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Katika rufani, Achieng Oneko peke yake alionekana hana hatia. Yaani palikuwa na mtu ambaye ushahidi haukumfikia, naye alizama pamoja na wengine kwa sababu alikaa nao benchi moja. (Na hata baada ya kushinda hakwenda nyumbani, serikali ya kikoloni ilimweka kizuizini.)

Kwa hiyo ombi la kutenganishwa liletwe mapema, kabla shahidi wa kwanza hajasimama, na sababu itajwe wazi: ungamo la mwenzangu, au utetezi wake unaonitupia mimi lawama. Makanisa nayo, mnapochanga fedha za wakili mmoja kwa vijana kumi, ulizeni kwanza kama vijana hao wana utetezi mmoja. Wakigongana, wakili huyo hawezi kuwasemea wote kwa dhamiri safi.

Kutengana nako kuna mwiba wake. Aliyetolewa kizimbani huweza kurudi akiwa shahidi wa serikali. Lakini hapo atakula kiapo, na mwalimu wetu atapata wa kumhoji.