Kabla ya Kununua Mashine ya Kuchimba Iliyotumika
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Hulugho)

 

Nimeombwa niseme machache juu ya zile mashine ndogo za kuchimba, za minyororo, ambazo vikundi vinataka kununua zikiwa zimetumika. Sababu naielewa. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na mifugo mingi ikafa. Halafu mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko, na maji mengi yakapita tu mbele ya macho yetu. Silanga iliyojaa matope haishiki maji. Basi watu wanasema: tununue mashine, tuchimbe wenyewe. Wazo ni zuri, lakini kwanza tujiulize, kazi yenyewe ni ipi?

Tufanye hesabu pamoja. Mashine ya tani 3 huweza kuwa na ndoo ya lita 80 hivi. Ikijaza na kumwaga mara mbili kwa dakika, kwa saa moja imetoa karibu mita 10 za ujazo. Kwa siku ya saa 7 ni kama mita 70. Silanga ya mita 5,000 za ujazo itachukua zaidi ya siku 70, na bado hatujahesabu kazi ya kuusogeza udongo mbali, maana mkono wake ni mfupi. Kazi kama hiyo ni afadhali kukodisha tingatinga kubwa. Hii ndogo ni ya mifereji ya shamba, mitaro ya mabomba, shimo la berkadi, na kuzoa matope ukingoni mwa silanga. Wakulima wa kando ya Tana, kule Masalani, wanaijua kazi ya mifereji.

Sasa niwaambie yaliyonipata. Niliwahi kusaidia kikundi kimoja kununua mashine. Ilikuwa imepakwa rangi mpya, inang'aa. Tulipofika, injini ilikuwa tayari inanguruma. Tukafurahi, tukalipa. Asubuhi yake haikuwaka. Kumbe muuzaji aliipasha moto kabla hatujafika, ili tusijue kwamba ikipoa haiwaki. Pesa zile akina mama walikuwa wameziweka miaka mitatu, kutokana na maziwa.

Kwa hivyo, nendeni na fundi wenu, siyo wa muuzaji, na mfanye haya:

1. Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, rudini siku nyingine. Ikiwaka, tazama moshi: wa buluu maana yake inachoma oili. Oili iliyo nyeupe kama chai ya maziwa imeingiwa na maji.

2. Tazama pini na bushi za mkono na ndoo. Dereva aitikise ndoo polepole, ninyi mkiwa mbali kidogo. Maungo yakicheza-cheza, matengenezo ni ghali.

3. Dereva abonyeze ndoo chini mpaka mbele ya mashine inyanyuke, kisha aiache hivyo dakika 5. Mtu asikaribie. Ikishuka haraka, silinda zinavuja ndani.

4. Ifanyeni kazi saa nzima, mchimbe udongo mgumu. Mashine iliyochoka huonekana na nguvu ikiwa baridi, lakini oili ya haidroliki ikishika moto inalegea.

5. Soma mita ya saa, lakini usiiamini peke yake. Ikisema saa 2,000 na pedali zimelika hadi chuma, mtu ameichezea.

6. Kagua minyororo. Ya raba ikionyesha waya ndani, imekwisha, na miiba na mawe ya huku hayatawahurumia.

7. Linganisha namba iliyogongwa kwenye mashine na ile ya logibuku. Hakikisheni kwa NTSA kwamba mwenye kuuza ndiye mwenye mali, na kwamba haina deni la benki.

8. Ulizeni filta na mipira ya haidroliki vinapatikana duka gani, na kwa bei gani. Ikiwa hakuna ajuaye, iacheni.

Jambo la mwisho ni pesa. Msimalize hazina yote kununua. Tengeni ya lori la kuileta, ya dizeli na ya matengenezo ya mwanzo. Na ifike kabla ya mvua za Deyr, mwezi wa Oktoba, kwa maana udongo mweusi wa Ijara ukilowa lori halipiti. Uamuzi ufanywe mkutanoni, uandikwe, na asiwepo mtu wa kulipa peke yake. Haraka haraka haina baraka.



Maswali ya kujadili kikundini:
- Kazi yetu inahitaji mashine ndogo, kubwa, au majembe yanatosha?
- Itafanya kazi siku ngapi kwa mwaka? Je, kukodisha si rahisi zaidi?
- Nani ataiendesha, na nani ataweka daftari la dizeli?