Korosho Moja Chini ya Mizani
Maneno aliyoyasema Katibu wa chama cha msingi katika mkutano wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya vyombo vya kazi katika vyama vyetu vya msingi. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu wengi wenu mwaujua udhaifu wangu. Nikiona chombo kilichofungwa kwa parafujo, sipati usingizi mpaka nikifungue. Nilipokuwa shuleni somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa fizikia, na tangu nilipomaliza kidato cha nne sijapata raha, wala majirani zangu hawajakosa fundi wa bure.

Huniletea redio, pasi, taa za jua, na simu. Mzee mmoja alitembea saa nzima kuniletea simu iliyokuwa bubu tangu mwezi wa Ramadhani. Niliipokea kwa heshima, nikabonyeza kitufe kimoja cha ubavuni, ikalia. Mzee hakufurahi hata kidogo. Alisema kama dawa ilikuwa nyepesi hivyo, basi ugonjwa wenyewe nilikuwa nao mimi tangu mwanzo. Nikienda arusini, kabla sijaonja pilau, huitwa nikatazame kipaza sauti. Hata msibani nimewahi kuombwa nitazame jenereta.

Na ofisini nako ni vivyo hivyo. Mkulima anaitwa Mohamedi katika daftari letu, na benki anaitwa Mohamed. Kwa herufi moja tu fedha zake hurudi zilikotoka, naye huja kwangu akiniuliza, “Katibu, hiyo herufi yangu umeila wewe?” Nami humweleza habari za kompyuta kwa muda mrefu, akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza tena swali lile lile.

Mambo hayo ni ya kuchekesha, nami mwenyewe huyacheka. Walakini leo nataka kuwaeleza jambo moja ambalo mwanzo wake ulichekesha na mwisho wake haukuchekesha. Nalisema mbele yenu kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Mabwana na Mabibi, tangu mwaka 2007 korosho za huku kwetu Kusini huuzwa kwa njia ya stakabadhi ghalani. Mkulima huleta korosho zake katika chama cha msingi, zikapimwa na kuandikwa. Kisha hupakiwa katika lori kwenda ghala kuu, na huko hungoja mnada. Kwa hiyo korosho hupimwa mara nyingi, na kila zinapopimwa kuna watu wanaotazama kwa macho makali. Mwajua pia kwamba korosho zina maji ndani yake, na maji yakikauka uzito hupungua. Huo ndio twauita unyaufu. Ukichukua kilo 100 za korosho zenye unyevu wa asilimia 10, ukazikausha mpaka zifike asilimia 8, utabaki na kilo 97 na gramu 800 hivi. Hakuna aliyeiba, ni jua na upepo tu. Hesabu hii nimeiandika ubaoni mara nyingi, hata watoto wanaopita dirishani waijua kwa moyo.

Basi, msimu mmoja tulipokea siku ya Jumatatu magunia 62 yenye kilo 80 kila moja. Alhamisi lori likafika. Tulipoyapima tena kabla ya kupakia, kila gunia lilikuwa limepungua kilo moja na nusu. Jumla yake ilikuwa kilo 93. Lori lilizuiliwa, wanachama wakakusanyika, na kelele zikawa kubwa.

Kwanza nilisema ni unyaufu. Lakini mjumbe mmoja aliniuliza kama magunia yaliyofungwa na kuwekwa chini ya paa yaweza kukauka kiasi hicho kwa siku tatu. Swali lilikuwa la haki. Nilichukua kipima unyevu. Jumatatu kilikuwa kimeonyesha asilimia 9.1, na siku ile kilionyesha 9.0. Nikapiga hesabu, nikaona kwamba maji yangeweza kupunguza gunia kwa gramu zisizofika 100. Kwa hiyo unyaufu haukuwa na hatia.

Hapo nikaulizwa juu ya mizani. Ndugu zangu, mizani ile ilikuwa mpya, ya umeme, yenye tarakimu nyekundu zinazoonekana hata gizani, na ilikuwa na chapa ya Wakala wa Vipimo ya mwaka ule ule. Mimi ndiye niliyeisifu mpaka chama kikainunua. Nilijibu kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa, nikasema, “Mizani haikosei.” Nikaiwasha mbele yao, ikaonyesha sifuri safi. Nikasema, “Tazameni wenyewe.”

Basi, ikiwa si maji wala si mizani, limebaki nini? Limebaki jibu moja, nalo lilikuwa limekaa kibandani mlangoni na tochi yake. Mlinzi wetu ni mtu mzima, amelinda ghala lile tangu mimi nilipokuwa mwanafunzi. Hakuna aliyemwona akigusa gunia, na mafundo ya magunia yalikuwa kama tulivyoyafunga. Lakini hesabu zangu zilikuwa zimepangwa vizuri katika karatasi, na karatasi iliyopangwa vizuri ina nguvu kuliko mtu asiyejua kusema. Aliambiwa aende nyumbani angoje polisi. Alitoka bila kusema neno, akaacha tochi mezani pangu.

Siku ya pili, Ijumaa, alikuja bibi mmoja mwanachama wetu na magunia yake mawili. Bibi huyu alikuwa na desturi ambayo kwangu ilikuwa kichekesho. Tangu msimu ulipofunguliwa, kila alipoleta korosho alikuja pia na jiwe lake la kusagia, limefungwa katika kanga kuukuu, na kabla ya kupima korosho hutaka lipimwe jiwe. Mimi nililiita hirizi ya bibi, na makarani wakacheka. Siku ya kwanza ya msimu jiwe lile lilikuwa na kilo 21 na gramu 400, na kila alipokuja lilikuwa vivyo hivyo.

Ijumaa ile aliliweka juu ya mizani, akanitaka nimsomee. Nikasoma: kilo 21 kamili. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza polepole, “Mjukuu wangu, mlinzi amelimega na jiwe langu?”

Sikuwa na jibu. Korosho hukauka, lakini jiwe halikauki. Nilipiga hesabu ya jiwe, kisha nikapiga hesabu ya gunia. Yote mawili yalikuwa yamepungua kwa kiasi kile kile, karibu kilo 2 katika kila 100. Nikachukua bisibisi na kuiinua sahani ya mizani. Chini yake, katikati ya fremu na kitako, palikuwa na korosho moja imebana. Kila mzigo ulipowekwa juu, korosho ile ilibeba sehemu yake, na mizani ikasoma yaliyobaki. Na kwa kuwa mizani ilipowashwa ilijiweka kwenye sifuri pamoja na korosho ile, sifuri yake ilikuwa safi machoni petu. Chapa ya Wakala ilisema kweli juu ya siku ile mizani ilipokaguliwa. Haikuweza kusema lo lote juu ya korosho iliyodondoka miezi baadaye.

Tuliitoa, tukapima jiwe: 21.4. Tukapima magunia 62: hakuna lililopungua.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa mlinzi pamoja na Mwenyekiti wetu. Nilimwomba radhi mbele ya mkewe na wanawe, kwa kuwa aibu nayo ilikuwa imeingia mpaka kwao. Kisimani mkewe alikuwa amekwisha kuitwa mke wa mwizi. Alitusikiliza, kisha akaniambia, “Mwanangu, mizani sikuilaumu, haina macho. Nilikulaumu wewe, kwa kuwa una macho na umenijua tangu utoto wako.” Maneno hayo sijayasahau, wala sioni vema niyasahau.

Wazee husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli. Lakini nimejifunza kwamba daftari nalo laweza kumpoteza mtu, ikiwa mwenye kuliandika hakubali kuulizwa. Watu wa namna yangu, wapenda vyombo, tuna ugonjwa mmoja: chombo tunachokipenda tunakitetea kama ndugu, na ndugu tunamchunguza kama chombo.

Mabwana na Mabibi, mwaka 1844 katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafumaji na mafundi wengine walifungua duka lao dogo la ushirika. Walikuwa wamechoshwa na unga uliochanganywa na vitu vingine na kwa vipimo vya hila. Walitaka unga safi na uzito kamili. Kwa hiyo mizani ya haki si jambo la pembeni katika ushirika. Ipo tangu mwanzo wake.

Sina ombi kubwa. Naomba kila chama cha msingi kiwe na jiwe lake la mizani lenye uzito unaojulikana, lipimwe kila asubuhi kabla ya gunia la kwanza, mbele ya wanachama waliopo, na uzito wake uandikwe daftarini. Naomba pia tarakimu zisomwe kwa sauti, maana si kila mzee huziona. Na naomba mwanachama ye yote akiuliza habari za mizani, asijibiwe na karani aliyekasirika.

Kwetu tumekwisha kuanza. Bibi alitushauri tununue jiwe letu, kwa sababu lake analihitaji nyumbani kwa kusagia. Kazi ya kulipima kila asubuhi amepewa mlinzi wetu, kwa ombi lake mwenyewe. Hulisoma kwa sauti kubwa, nami huandika.

Na aliyekuja na redio yake leo, naomba aningoje nje baada ya chakula.