Merere wa Usangu: Siasa za Mtawala Aliyepoteza Nchi

Mhadhara wa umma, Tunduma, Mkoa wa Songwe



Mkwawa, mtawala wa Wahehe, tunamjua sote. Tunajua vita vya Lugalo dhidi ya Wajerumani, Agosti 1891. Tunajua ngome yake ya Kalenga ilivyoanguka mwaka 1894, na kifo chake Julai 1898. Merere, jirani na hasimu wake, tumemwachia jina tu, na wapo wanaolitamka pamoja na neno "msaliti". Mimi nasema alikuwa mwanasiasa, tena wa daraja la juu.

Towelamahamba Merere alitoka katika ukoo uliotawala Usangu, nchi ya tambarare yenye ng'ombe wengi, na pembe za ndovu zilizowavuta wafanyabiashara wa pwani. Wahehe wa Munyigumba, baba yake Mkwawa, walijifunza vita kwa Wasangu, kisha wakawageukia kwa mbinu zile zile. Mwaka 1877 Kapteni James Frederic Elton, konsuli wa Uingereza nchini Msumbiji, alimkuta Merere amezingirwa na Wahehe ngomeni mwake. Elton mwenyewe alifia Ugogo Desemba mwaka huo akielekea pwani.

Hatimaye Usangu ulimponyoka Merere. Akahamia magharibi, Utengule ya Usongwe, huku jirani na mkoa wetu, akajenga boma la mawe. Kwangu mimi, ukubwa wake unaonekana hapa. Mtu aliyenyang'anywa nchi alihamisha enzi yake yote, na ugenini akaendelea kuitwa mtawala. Wajerumani walipofika, Wasangu waliona faida ya kuungana na adui wa Mkwawa. Merere hakuishi kuyaona matunda. Waliomrithi ndio waliorudi Usangu baada ya Wahehe kushindwa. Je, huo ni usaliti? Alimsaliti nani, wakati hapakuwa na Tanganyika ya kusalitiwa?

Hata hivyo, kumtetea kusitufanye tuwasahau waliomlipia. Wasafwa, wenyeji wa huko Usongwe, walitoa vyakula na nguvu zao kwa Merere na watu wake wenye silaha. Wanyiha wa Mbozi walivamiwa. Wasifu wa mtukufu yeyote una deni la namna hii. Lord Palmerston, mwanasiasa wa Uingereza mwenye cheo cha ubwana cha Ireland, anatajwa vitabuni kwa diplomasia yake. Mwaka 1847, katikati ya njaa kuu ya Ireland, alipokuwa waziri wa mambo ya nje, wapangaji wa mashamba yake ya Sligo walipakiwa merikebuni kwenda Kanada. Baadhi walifika Saint John, Novemba, karibu uchi. Nao pia ni sehemu ya maisha yake.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa historia mnaotafuta mada: habari za watawala tunazo kiasi, kwa sababu wasafiri na maofisa waliwaandika. Nendeni Usafwa na Mbozi, mkae na wazee wa koo, mwandike yale ambayo familia zao zimesimuliana kuhusu miaka ya Merere: nani alichukuliwa, nani alikimbilia wapi, na ng'ombe wa nani hawakurudi.