Haya ya Mtoto Mbele ya Tabibu
Hotuba kwa wazazi katika mkutano wa jumuiya

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Haya ni pambo la Mwislamu. Mtume (s.a.w.) aliihesabu kuwa ni tawi katika matawi ya imani, na mzazi amwonapo mtoto wake akijisitiri wakati wa kuvaa, hufurahi na humshukuru Mungu. Lakini yako maradhi yanayokaa mahali pa siri pa mwili, na mtoto mwenye haya huyaficha mpaka yakomae. Hotuba hii inamhusu mtoto huyo: jinsi ya kumwondolea tahayuri mbele ya tabibu pasipo kumwondolea haya yake.

Na upigwe mfano wa mtoto wa kiume wa miaka tisa, katika mtaa kama Buyenzi, mjini Bujumbura. Kila alasiri, baada ya madrasa, alikwenda na wenzake kuoga ziwani. Siku moja aliona damu katika choo chake. Hakusema neno. Tumbo likaanza kumkata, na alipoulizwa kwa nini hali, alijibu kuwa ameshiba. Mama yake alipokuwa akifua aliona doa katika nguo, akamwuliza mbele ya dada zake, nao wakacheka. Tangu siku ile mtoto alifua nguo zake mwenyewe, na mama akadhani kuwa mwanawe ameanza kupenda usafi.

Dalili hizo huweza kuwa za magonjwa mengi, na mojawapo ni kichocho cha matumbo. Minyoo ya kichocho ilitambuliwa mwaka 1851 mjini Cairo na tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz. Pwani za Ziwa Tanganyika na bonde la Rusizi ni miongoni mwa mahali ambapo kichocho cha matumbo hupatikana. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini, hupenya ngozi ya mwogaji kwa muda wa dakika chache, kisha hukua wakawa minyoo ikaayo katika mishipa ya damu ya matumbo. Mayai mengine hutoka pamoja na choo, na mengine hunasa katika ini. Ugonjwa ukiachwa kwa miaka, ini huharibika, tumbo huweza kujaa maji, na mgonjwa huweza kutapika damu. Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo hupimwa kwa uzito au urefu wa mtoto, na aghalabu humezwa kwa siku moja tu. Basi kilichomzuia mtoto yule asipate dawa ya siku moja hakikuwa umaskini wala umbali wa hospitali. Kilikuwa ni kicheko cha nyumbani.

Dini haikumtaka mtoto huyo anyamaze. Mtume (s.a.w.) aliwaamuru watu wajitibu, akafundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Katika vita vya Khandaki, mwaka wa 5 wa Hijria, yaani 627, Saad bin Muadh alipojeruhiwa aliwekwa katika hema la Rufaida, mwanamke aliyekuwa akiwauguza majeruhi. Nao wanavyuoni wamekubaliana kuwa tabibu huruhusiwa kuutazama uchi wa mgonjwa pakiwa na dharura, kwa kiasi cha haja na si zaidi. Hata Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Kama haya haikuwa kizuizi cha elimu, haifai kuwa kizuizi cha uzima.

Sasa mzazi afanye nini?

Jambo la kwanza ni kusikiliza faraghani. Mtoto akionekana anajificha, anakwenda chooni mara nyingi, au anakataa chakula, asiulizwe sebuleni wala mbele ya wageni. Baba na amchukue mwanawe pembeni, mama binti yake, na maneno yawe machache: “Mwanangu, mwili wa kila mtu huugua. Hakuna sehemu ya mwili ambayo ni aibu kwa kuugua. Niambie, wala hapana atakayekucheka.” Kisha anyamaze amngoje. Asipojibu leo, huenda akajibu kesho, maadamu ahadi ile haikuvunjwa.

Jambo la pili ni kusema kweli. Wako wazazi wanaomwambia mtoto kuwa wanakwenda sokoni, kumbe njia ni ya hospitali. Abdallah bin Amir alisimulia kuwa, alipokuwa mdogo, mama yake alimwita akamwahidi kumpa kitu, na Mtume (s.a.w.) alikuwapo. Akamwuliza mama huyo alikusudia kumpa nini. Akajibu: tende. Mtume akamwambia kuwa lau asingempa kitu, angeliandikiwa uwongo. Basi ikiwa ahadi tupu ya tende huandikwa, itakuwaje hila ya kumfikisha mtoto asipopajua? Vilevile sindano isifanywe fimbo ya kumtishia mtoto mtundu. Anayeambiwa kila siku kuwa daktari atamdunga kwa utovu wa adabu, atamwonaje daktari kuwa rafiki siku atakapougua?

Jambo la tatu ni kumweleza mapema yatakayotendeka. Hofu nyingi ya mtoto ni ya asilolijua. Na aambiwe kuwa atapimwa uzito na joto la mwili, kwamba daktari atamsikiliza moyo na kumbonyeza tumbo kwa mkono, na kwamba huenda akapewa kikopo kidogo akaleta choo kidogo. Hapo ndipo watoto wengi huona haya kupita kiasi. Aelezwe basi kuwa mpimaji anapokitazama choo kwa darubini hatafuti jambo la kumchekea mtu, anatafuta mayai ya minyoo, na kwamba vikopo vya namna hiyo hupokewa kila siku. Kikopo na kifunikwe na kutiwa katika mfuko, abebe mzazi, ili mtoto asitazamwe njiani.

Jambo la nne ni sitara ndani ya chumba cha daktari. Mzazi asione vibaya kuomba, kwa adabu, kwamba binti atazamwe na daktari wa kike au muuguzi wa kike awepo, ikiwa yupo. Kwamba mlango ufungwe. Na kwamba mtoto afunikwe shuka, isifunuliwe ila sehemu inayotazamwa. Daktari mwenye kazi yake hakasirikii ombi hilo. Mtoto naye aachiwe ajibu mwenyewe kwa kadiri awezavyo, na aambiwe kuwa ana ruhusa ya kusema, “Ngoja kidogo.”

Hapa pana onyo lisilopasa kusahauliwa. Katika Suratun-Nur, aya ya 58, watoto wanaamriwa kubisha hodi kwa wakubwa katika nyakati tatu za faragha. Mtoto anayefunzwa kuheshimu faragha ya wakubwa, na afunzwe kuwa yeye pia anayo. Aambiwe wazi kuwa tabibu humtazama kwa ajili ya ugonjwa, mzazi au mlezi wake akiwapo, na kwa mambo yaliyoelezwa. Mtu mwingine yeyote atakaye kumgusa mahali pa siri na kumwambia asiseme, hata akiwa jamaa au mwalimu, mtoto amkatae na aje aseme upesi. Mtoto aliyezoea kusikilizwa juu ya tumbo lake ndiye atakayeweza kusema na hilo pia.

Jambo la tano ni kuitunza siri baada ya kurudi. Habari za choo cha mtoto si maneno ya bombani wala ya arusini. Neno likimrudia kutoka kwa jirani, safari ya pili ya hospitali itakuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Ama mtoto wa mfano huu, aliyemfungua mdomo alikuwa babu yake. Walipokuwa wakitoka msikitini baada ya Alfajiri, mzee alimwambia kuwa katika ujana wake naye alipata kuona damu chooni, akanyamaza, akateseka muda mrefu. Mtoto alikwenda hatua kadha kimya. Kisha akauliza, “Babu, walikucheka?” Mzee akajibu, “Sikumpa mtu nafasi ya kunicheka, wala ya kuniponya.” Asubuhi ileile baba alifunga duka, akamchukua mwanawe hospitali. Mayai ya minyoo yalionekana, vidonge vikapatikana, mtoto akavimeza baada ya kula. Jioni mama aliwakusanya binti zake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kumwomba kaka yao radhi.

Bado ziwa lipo, na watoto wanapenda maji. Wakatazwe kuoga penye konokono na majani, wahimizwe kutumia choo, na kila nyumba iwe na mtu mmoja mkubwa ambaye mtoto anaweza kumwambia lolote. Mwenyezi Mungu awape wazazi subira na ulimi mwema, awape watoto afya, na awaponye wagonjwa wote wa Kiislamu na wasiokuwa Waislamu. Amin.