Khabari za Kwetu Ziulizwe Kwetu

 Maneno yetu ya leo ni juu ya kufundisha khabari za kale za Waafrika katika shule za serikali. Sisi ni walimu ambao kazi yetu ni kuwafundisha walimu, nasi tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, maana asiyekiri kosa lake hafai kuwaonya wenziwe.

Mwaka mmoja tuliwapeleka wanafunzi wetu wa ualimu kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upande wa Mashewa, wilaya ya Korogwe. Kijana mmoja alifundisha khabari za Mbegha, yule mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu akapanda Usambara, akawagawia watu nyama, akaua simba, na mwisho akafanywa mfalme pale Vugha. Somo lilikwenda vizuri. Ubao uliandikwa safi, na watoto walitulia. Kisha mtoto mmoja wa kike akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, hao waliopewa nyama walikuwa nani? Na kabla Mbegha hajaja, nani alikuwa akiwaamua?" Yule kijana akatutazama sisi tuliokaa nyuma. Nasi tukainamia madaftari yetu, kwa kuwa hatukuwa na jibu. Mwisho akamwambia, "Kaa kitako, hilo haliulizwi katika mtihani."

Mtoto akakaa. Lakini neno lile lilituchoma moyo, kwani jibu lile lilikuwa letu. Sisi ndio tuliomfundisha kijana yule kwamba khabari za kale ni maneno ya kukariri.

Jioni tulimwendea mzee mmoja wa kijiji, tukampa shikamoo, tukamweleza yaliyotokea. Akacheka, akasema, "Wajukuu zangu, asubuhi mmepita mlangoni pangu mkienda kufundisha khabari zangu, wala hamkubisha hodi." Kisha akatusimulia. Alisema kwamba kabla ya wafalme kila ukoo ulikuwa na wazee wake, nao ndio waliokata mashauri ya watu wao. Shida ilikuwa pale ukoo mmoja ulipogombana na mwingine, maana hapakuwa na mtu wa kumaliza ugomvi ambaye pande zote mbili zingemkubali. Kwa hiyo mgeni asiye wa upande wowote alipofika, tena mkarimu na shujaa, watu walimwona kuwa anafaa kuwa mwamuzi wao. Akaongeza, "Hivyo ndivyo tusemavyo sisi. Nendeni na kwa mzee wa ng'ambo ya mto. Huenda akawaambia vingine, kwa sababu ukoo wake si wetu."

Ndugu wasikilizaji, katika maneno yale mzee alitufundisha mambo mawili. La kwanza, khabari za kwetu ziulizwe kwetu. La pili, aliyeuliza mmoja asidhani amemaliza.

Wala njia hiyo si ngeni. Yuko mtu aliyeifuata zamani, naye ni Abdallah bin Hemedi, aliyekaa Usambara katika siku za vita vya watoto na wajukuu wa mfalme Kimweri, yule aliyefariki mwaka 1862. Alikusanya masimulizi ya wazee, akayaandika kwa Kiswahili katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, kilichoanza kupigwa chapa Magila mwaka 1895. Kilipigwa chapa tena mwaka 1962. Baada yake Isaria Kimambo, mtu wa Upare, jirani zetu, aliwaendea wazee wa kwao, na kitabu chake juu ya utawala wa Wapare kikatoka mwaka 1969. Steven Feierman, mgeni kutoka Marekani, naye aliwauliza wazee wa Usambara, na kitabu chake kikatoka mwaka 1974. Ikiwa mgeni alisafiri baharini ili aje kumwuliza babu yako, wewe uliye jirani yake unangoja nini?

Huenda wengine watasema, "Faida ya haya yote ni nini? Mtoto afundishwe hesabu na kilimo." Ni kweli, afundishwe. Lakini sikilizeni khabari za ndugu zetu Wazigua wa upande wa Handeni.

Katika karne ya 19 njaa kubwa iliingia Uzigua. Watu wengi waliangukia mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, wengine kwa hila, wengine kwa kujitoa wenyewe ili wapate chakula. Wakapakiwa katika majahazi, wakauzwa katika pwani ya Somalia. Baadaye wengi walitoroka mashambani kwa mabwana wao, wakashika njia ya kusini wakitaka kurudi kwao. Wazee wao husimulia kwamba aliyewaongoza ni mwanamke, jina lake Wanakhucha. Hawakufika. Walikaa kando ya mto Juba, wakafyeka mwitu, wakalima. Hawakuwa na shule ya Kizigua wala kitabu. Walikuwa na lugha yao, na masimulizi ya bibi na babu, kwamba kwao ni Uzigua.

Zaidi ya miaka mia moja ilipita. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, vita vikaenea, na wengi wakakimbia. Baadhi yao walifika Tanzania, wakapokewa Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo. Wenyeji walisikia wageni hao wakisema Kizigua. Baadaye serikali ya Tanzania iliwapa wengi wao uraia. Basi tazameni: nyumba na mashamba waliviacha, lakini masimulizi yale hayakupotea, nayo ndiyo yaliyowaonyesha pa kurudi. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Na hawa waliotiwa utumwani hawakuiacha asili yao.

Sasa tutazame shule zetu. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili, lifundishwalo kwa Kiswahili. Hilo ni jema, nasi twalifurahia. Lakini kitabu kimoja cha nchi nzima hakiwezi kutaja kila kijiji, na mwalimu asiyetoka nje ya kitabu atarudia kosa letu. Kwa hiyo twatoa shauri, nalo halihitaji fedha.

Kwanza, kila mwanafunzi apewe swali moja la kumwuliza mzee wa kwao. Lisiwe swali kubwa. Aulize, kwa mfano, "Nani alifyeka shamba letu mara ya kwanza?" au "Jina la mto huu maana yake nini?" Aandike jibu, na jina la mzee aliyesema, na tarehe.

Pili, amwulize na mzee mwingine, wa ukoo mwingine. Wakipatana, vema. Wakihitilafiana, asifute neno la yeyote. Aandike yote mawili, kisha darasani wajadiliane kwa nini kila mmoja alisema hivyo. Mtoto wa mtawala na mtoto wa mtawaliwa hawakusimuliwa mambo yale yale.

Tatu, wajifunze kutafuta miaka. Wazee hawahesabu kwa kalenda, lakini husema, "Babu yangu alizaliwa reli ilipofika Korogwe," nasi twajua kwamba reli ilifika Korogwe mwaka 1902. Au husema, "Ni wakati wa vita vya Tanga," navyo vilipiganwa Novemba 1914. Wakati mwingine maandishi ya wageni husaidia: Krapf alifika Vugha mwaka 1848 akamkuta Kimweri akitawala. Hivyo neno la mzee na neno la kitabu husimama pamoja, moja likipima jingine.

Jambo la nne ni onyo. Katika masimulizi yetu mna mambo ya aibu: waliouza ndugu zao wakati wa njaa, na waliouzwa. Mwalimu asiyafiche, wala asikubali mtoto yeyote adhihakiwe kwa sababu ya babu zake. Aliyeuzwa hakutenda kosa, na mjukuu wa aliyeuza naye hakutenda kosa. Mwalimu awaambie hivyo waziwazi kabla ya kuanza.

Nasi tulirudi katika shule ile mwaka uliofuata. Tulikuwa tumeazimia kukaa na yule mzee siku tatu nzima, na kuandika yote. Tulipobisha hodi alitoka mjukuu wake, akatuambia kwamba babu alizikwa mwezi uliopita. Tukakaa barazani kimya. Kisha yule mtoto wa kike aliyeuliza swali akatuletea daftari la kurasa chache. Kumbe tangu siku ile alikuwa akienda kwa mzee kila Jumamosi, akimchotea maji na kumwuliza. Alikuwa ameandika majina ya wazee wa koo saba, na mahali walipokaa, na ugomvi wao, na jinsi ulivyokwisha. Hakuna aliyemwagiza.

Hayo ndiyo tuliyo nayo ya mzee yule. Mengine amekwenda nayo kaburini, na sisi ndio tuliochelewa.

Basi ninyi wanafunzi, jioni hii, mkimaliza kazi za nyumbani, kaeni karibu na mzee wenu mkaulize neno moja. Nanyi wazee, msiwafukuze wakija kuuliza. Nanyi walimu wenzetu, mtoto akinyosha mkono, msimwambie akae.

Kwaherini.