Hotuba juu ya Kijidudu cha Tumbo na Wenye Ugonjwa wa Sukari



Twaomba masikio yenu kwa habari ya tumbo, maana wengi wetu hutafuna vidonge vya kiungulia mezani mwaka hata mwaka, tukisema ni kazi tu.

Zamani waganga walidhani vidonda vya tumbo huletwa na wasiwasi na vyakula vikali. Mwaka 1979, huko Perth, Australia, Dakta Robin Warren aliona vijidudu vilivyopindika katika nyama ya tumbo la mgonjwa. Yeye na Dakta Barry Marshall walijaribu kuviotesha, wasifaulu, mpaka mwaka 1982, vyombo vilipoachwa siku nyingi kwa sikukuu ya Pasaka, vikaota. Mwaka 1984 Dakta Marshall alivinywa mwenyewe, akaugua. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Kijidudu hicho huitwa Helikobakta pilori. Hutoa amonia ya kupunguza ukali wa asidi, kikaishi mahali ambapo vingine hufa. Wengi hukipata utotoni, wala hawaoni dalili. Lakini wengine hupata vidonda, na wachache saratani.

Mwenye ugonjwa wa sukari hana budi kuangalia zaidi. Sukari nyingi ya siku nyingi yaweza kudhuru mishipa ya fahamu ya tumbo, chakula kikakawia kushuka. Na dawa ya metfomini nayo huweza kuleta kichefuchefu. Basi mambo matatu hufanana, na kukisia hakufai. Kupima pumzi au choo ndiko hutambulisha kijidudu.

Kikionekana, mganga hutoa dawa za kuua vijidudu pamoja na ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Maumivu yakipoa siku ya tano, tusiache: kijidudu kilichosalia huzoea dawa. Tena tumwonyeshe mganga vidonge vyetu vyote vya sukari, kwani klarithromaisini ikikutana na glibenklamidi yaweza kushusha sukari hata mtu akazimia.

Na mtu akiona choo cheusi kama lami, au akitapika damu, asingoje mwisho wa kazi. Aende hospitali saa ile ile.

Mabwana, tusione haya kumweleza mganga habari za choo na tumbo. Barua ya ofisi hungoja kesho. Kidonda kinachotoka damu hakingoji.